Sanduku la Nje: Mwongozo kwa Wapenda Mchwa

Kila uwanja una vitu visivyo na kwao: jembe, fyekeo, mpira wa kumwagilia, gunia la mkaa, jiko bovu ambalo mama amekataza kulitupa. Sebuleni haviingii, barazani vinatia aibu. Basi unaamua kutengeneza sanduku la mbao likae nje, jua lake mvua yake. Futi 4 kwa 2, kimo futi 2, kifuniko juu. Namna ya kulifanya lidumu utaambiwa na wengi. Mimi nitakuelekeza namna ya kulifanya life upesi, maana mafundi nao wanasomesha, na mchwa nao wana familia.

Tuanze na mbao. Usihangaike na mninga, mvule wala mtiki. Kiini cha miti hiyo kina kemikali za asili zinazomchefua mchwa, na sisi hatutaki mchwa achefuke. Ukishikilia mninga, basi chagua ubao wenye ule weupe wa pembeni. Weupe huo hauna kinga yoyote. Bora zaidi ni paini iliyopasuliwa juzi. Utaitambua kwa uzito wake na ubaridi wake kiganjani, na ukipigilia msumari itatoa maji. Ubao mbichi hunywea kadiri unavyokauka, tena kwa upana, si kwa urefu. Leo fundi atakubania mbao zisipitishe hata wembe. Baada ya kiangazi utapitisha kidole.

Muuzaji akikuonyesha mbao za kijani, akasema zina dawa, mwamini. Usije ukamwomba akate kipande uone kama ukijani umezama ndani au umepakwa juu kwa brashi asubuhi ile. Hapa niweke kejeli pembeni kidogo: mbao nyingi za dawa huwa na shaba, kromiamu na aseniki. Vipande vitakavyobaki visiende jikoni. Moshi wake ni sumu, na majivu yake pia.

Turudi kwenye uharibifu. Misumari iwe ile ya kawaida ya inchi tatu, hasa kama unakaa karibu na bahari, ambako hewa ya chumvi itaifanyia kazi yake bila malipo. Skrubu za chuma cha pua waachie wenye pesa. Bawaba nazo ziwe nyembamba, zitoe machozi ya kutu ubavuni.

Kifuniko ndicho chenye utamu. Fundi ataweka pima maji juu yake, kiputo cha hewa kitulie katikati, naye atakutazama kama baba wa bwana harusi. Msifu. Kifuniko kilicho sawasawa kabisa hutunza maji ya mvua mpaka yapate muda wa kuingia. Kama angeinua upande wa nyuma inchi mbili, maji yangeteremka. Kama angekiacha kifuniko kichomoze inchi moja mbele na pembeni, na kuchimba kijifereji chini ya ukingo, tone lingefika pale likadondoka chini badala ya kutambaa kurudi ukutani. Lakini kazi yote hiyo ya nini?

Wajenzi wa majahazi wa Lamu na Nungwi watakuambia habari za kalafati, pamba iliyolowekwa mafuta na kushindiliwa kwenye nyufa. Hao mbao zao huzitia baharini kwenyewe, kwa hiyo mambo ya mvua hawayajui.

Kwenye rangi, mazungumzo yatakuwa haya:

“Bosi, tupake oili chafu. Mchwa hagusi.”

“Na nguo za watoto, fundi?”

“Zitazoea.”

Ukiikataa oili, paka vanishi ya ndani, ile inayong'aa. Paka upande wa nje tu, kisha ziruke ncha za mbao pale msumeno ulipopita. Mti ulipokuwa hai ulipandisha maji kwa mirija midogo, na midomo ya mirija hiyo iko wazi kwenye ncha. Ubao hunywa kwa ncha kuliko kwa ubavu. Mtu mkaidi angepaka praima pande zote, na kwenye ncha mara mbili, kabla ya kuunga. Wewe acha jua liipasue vanishi, maji yapenye chini yake, yakae humo yakikosa pa kutokea.

Mwisho, lilaze sanduku moja kwa moja juu ya udongo, tena chini ya mwembe. Ndani tandika nailoni ili unyevu usipate njia ya kutoka, wala usiache nafasi kati ya mbao za sakafu hewa ikapita. Mchwa wa ardhini hutoka udongoni kwa vijinjia vya tope. Sanduku likikaa juu ya matofali, itawabidi wajenge vijinjia hivyo mbele ya macho yako, nawe utavibomoa kwa ufagio. Likikaa chini, wataingia kwa staha, na utajua siku utakapoinua gunia la mkaa sakafu ikaondoka na gunia.

Ukiamua kunikaidi kwa yote, sina ugomvi. Ukiwa na pesa ya kunikaidi kwa jambo moja tu, basi nunua matofali manne ya saruji, moja kila kona, kabla hujanunua ubao wa kwanza.