Sifa za Toleo Kuu Jipya

Miongoni mwa wafadhili wa jamii ambao hawajawahi kutungiwa utenzi, hakuna anayestahili heshima kuliko zoezi la kuhamisha mfumo wa ofisi kutoka toleo kuu la zamani la maktaba ya kanzidata hadi toleo kuu jipya. Kanzidata ni ghala la taarifa zilizopangwa katika majedwali, na maktaba inayozungumziwa hapa haina rafu wala msimamizi, kwa kuwa ni fungu la programu fupi zilizokwisha kuandikwa, ambazo mfumo huzitumia kupeleka maswali ghalani na kurudisha majibu. Mfongo, yaani mfereji unaoteremsha maji ya Kilimanjaro hadi vihambani, kwenye mashamba ya nyumbani, hufanya kazi ya namna hiyo, na mwenye kihamba haukumbuki hata kidogo mpaka asubuhi maji yanapokosa kufika.

Toleo kuu hutambulika kwa tarakimu ya kwanza ya namba yake. Kwa desturi ya watengenezaji, tarakimu ya mwisho ikibadilika kosa limesahihishwa, ya katikati ikibadilika kitu kimeongezwa, na ya kwanza ikibadilika mtengenezaji amejipa ruhusa ya kuvunja alichokuwa ameahidi. Uungwana huu wa kutangaza mapema kwamba ahadi itavunjwa ni adimu hata kwa wagombea wa udiwani.

Kielelezo bora ni Connector/J, maktaba inayounganisha programu za lugha ya Java na kanzidata ya MySQL, ambayo mwaka 2018 iliruka kutoka 5.1 hadi 8.0, namba 6 ikiwa imeishia katika majaribio na namba 7 ikiwa haikuonekana kabisa. Afrika Mashariki ina sababu ya kuifahamu, kwa kuwa OpenMRS, mfumo wa kumbukumbu za wagonjwa ulioanza kutumika Eldoret mwaka 2006 na kuenea katika nchi nyingi, umeandikwa kwa Java na kwa kawaida huweka taarifa zake katika MySQL. Basi ichukuliwe kwamba zahanati moja ya Sanya Juu, makao ya Wilaya ya Siha, ina mfumo wa aina hiyo, na kwamba Afisa TEHAMA amebadilisha maktaba jioni, akijua kuwa kesho yake foleni itaanza mapema.

Tunu ya kwanza ambayo toleo jipya humletea afisa huyo ni swali la falsafa: je, hapa ni saa ngapi? Toleo la zamani halikujali. Matoleo ya mwanzo ya 8.0 yalikataa kuunganisha iwapo seva, yaani kompyuta inayotunza ghala, ilitaja majira yake kwa kifupisho kisichotambulika au chenye maana zaidi ya moja, yakadai jina kamili la ukanda, kama vile Africa/Dar_es_Salaam. Anayetii amri hiyo hupata elimu ya ziada, kwa maana katika orodha ya kimataifa ya kanda za majira jina la Dar es Salaam limefanywa lakabu ya Nairobi, jambo ambalo Bunge la Dodoma halijawahi kulijadili.

Afisa mwenye haraka hukataa elimu hiyo na kuandika UTC, yaani majira ya ulimwengu, ambayo yako nyuma ya yale ya Afrika Mashariki kwa saa tatu. Mfumo huwaka, afisa hupongezwa, na hapo ndipo toleo jipya huonyesha ukarimu wake wote. Mzee aliyezaliwa siku ya Uhuru, tarehe 9 Desemba 1961, akiandikishwa bila saa, programu humhesabia saa sita usiku, kisha maktaba humrudisha nyuma saa tatu kabla ya kumhifadhi, na programu nyingine ikimsoma moja kwa moja kutoka ghalani humkuta amezaliwa saa tatu usiku tarehe 8, akiwa bado chini ya bendera ya Uingereza. Historia ya taifa imebadilishwa kwa herufi tatu. Katika wilaya yenye hospitali ya Kibong'oto, inayohudumia wagonjwa wa kifua kikuu tangu mwaka 1926, ambapo tiba ya kawaida huhesabiwa kwa miezi sita ya dawa, kuna watu wanaoamini kwamba tarehe ni jambo zito, na toleo jipya linakubaliana nao kwa njia yake.

Lipo pia suala la wale wasiojua tarehe walizozaliwa, ambao katika majedwali ya zamani waliandikiwa sifuri tupu: mwaka 0000, mwezi 00, siku 00. Java haina siku kama hiyo katika kalenda yake, hivyo watumiaji wa 5.1 walizoea kuiamuru maktaba, kwa neno convertToNull, igeuze sifuri hizo kuwa nafasi iliyo wazi. Toleo la 8.0 lilipotoka lilihifadhi huduma ileile, ila likadai neno liandikwe CONVERT_TO_NULL, kwa mistari ya chini, na kumkataa kila aliyekuja na umbo la zamani. Ukali huu umewafunulia wakuu wa ofisi nyingi kwamba mabibi na mababu waliokuwa wakihudumiwa miaka yote walikuwa, kwa mujibu wa kumbukumbu, watu wa mwaka sifuri.

Usalama nao usisahaulike. Seva ya MySQL 8.0 ilikuja na njia mpya ya kuthibitisha nywila ambayo maktaba nyingi za zamani haziielewi, na kwa hiyo wezi wote walifungiwa nje pamoja na wenye nyumba. Asubuhi baada ya seva hiyo kuwekwa, karani hutangaza dirishani kwamba mfumo hausomi, daftari kubwa la karatasi hutolewa kabatini, na muuguzi wa makamo, ambaye vijana walidhani amepitwa na wakati, huwa ndiye pekee anayejua mistari yake inajazwaje.

Masharti ya majira yalilegezwa katika toleo la 8.0.23 la mwaka 2021, na huenda wapo waliodhani neema imekoma. Hofu yao haina msingi. Matengenezo ya MySQL 5.7 yalisitishwa Oktoba 2023, ya 8.0 yakapangiwa kukoma Aprili 2026, na Connector/J yenyewe ilifika 9.0 mwaka 2024, kwa hiyo ofisi iliyomaliza kuhama juzi ina haki kamili ya kuanza upya.