Mjomba, Huku Nimeitwa "Kani"

Newcastle, Uingereza

Mjomba, shikamoo.

Ama baada ya salamu, mimi huku ni mzima, hofu ni juu yenu nyote wa Vingunguti. Boksi nabeba kama kawaida, ila siku hizi boksi lenyewe ni bibi wa miaka 91, ninayemwogesha na kumpikia chai kwenye nyumba moja ya wazee.

Dhumuni la barua hii ni neno moja. Juzi nilimvalisha bibi soksi mapema, kabla hajaanza kulalamikia baridi. Akanitazama, akawaambia wenzake kwamba mimi ni "canny". Sasa watu wa mji huu, wanaoitwa Geordie, hawatamki Kiingereza kile cha redioni. Sikio langu likanasa "kani", nikajua ananiona mkaidi. Nikanyamaza kwa adabu.

Usiku nikafungua kamusi, kumbe afadhali ningebaki na ukaidi wangu. Kamusi inasema: mjanja, mwenye hesabu zake, asiyeachia senti ovyo. Sikulala, mjomba. Niliikumbuka chenji ya maziwa niliyotumwa na bibi, nikaipiga hesabu mara tatu. Ilikuwa sawasawa.

Asubuhi nikamweleza mwenzangu wa zamu, mzaliwa wa hapa hapa. Alicheka mpaka akashika ukuta. Kwa Newcastle, mtu "canny" ni mtu mzuri, wa kukaa naye ukafurahi. Hata chai iliyokolea huwa "canny". Ila uvuke mpaka uingie Scotland, neno lile lile linakuwa la mtu wa tahadhari, hasa pesa ikiwa ni yake.

Asili yake nayo haina ubaya. Linatokana na "can", kile kitenzi cha kuweza tulichokariri shuleni, ambacho zamani kilikuwa na maana ya kujua. Ukoo huo una mtoto mwingine, "cunning", aliyeanza maisha akiwa elimu na ustadi, leo ni hila tupu. Tusiwacheke. Kwetu kujua ni sifa, lakini hebu mwite mtu mjuaji uone. Na Dar tumeiita Bongo kwa kuwa bila ubongo huishi mjini. Ubongo huo unafanya kazi gani, hakuna anayeuliza.

Waskoti wana msemo, "ca' canny", yaani nenda taratibu. Mwaka 1889 makuli wa bandari ya Glasgow waligoma wakidai nyongeza. Matajiri wakaleta vibarua wa mashambani, watu wasiojua hata kutembea juu ya meli, mizigo inawaponyoka. Hata hivyo mgomo ulishindwa. Siku ya kurudi kazini kiongozi wa makuli akawaambia wenzake: waajiri wamewasifu sana wale wa shamba, basi nasi tufanye kazi kama wao. Wakaenda "ca' canny", na hazikupita siku nyingi, nyongeza ikatoka. Huo si ndio mgomo baridi wetu? Nilipoisoma habari hiyo nilikuona wewe kabisa, umeegemea uzio wa machinjio, kijiti mdomoni.

Maana ni wewe uliyenifundisha, nikiwa darasa la tano, kwamba mbuzi anayefika mnadani na tumbo kama ngoma amelambishwa chumvi akanyweshwa maji, kwa hiyo mnunuzi amshike mgongoni, asidanganywe na tumbo. Nilikuuliza umeyajuaje hayo. Ukakohoa, ukanipa hela ya mihogo.

Halafu kuna hili la mwisho. Nashukuru pesa ya mbuzi wa Idi ilifika, na picha nimeipata. Nimeiangalia sana. Baka jeusi sikio la kushoto, kamba ya bluu shingoni, nyuma yake ndoo ya njano iliyopasuka mdomo. Nikafungua picha uliyonitumia Idi ya mwaka jana: baka, kamba, ndoo. Na mwaka jana uliniandikia kwamba aliliwa mpaka supu ya kichwa.

Mimi sisemi kitu, mjomba. Nasema tu wewe ni "kani" kweli kweli, na maana utachagua mwenyewe, ya bibi au ya kamusi. Wasalimie wote barazani. Na huyo mbuzi pia, maana afya yake inanishangaza.

Ni mimi mpwa wako.