Uzi Mwekundu

Begi la dharura haliharibiwi na barabara. Linaharibiwa na nyumba, tena kabla gari halijatiwa hata mafuta. Haya niliyaona kwetu Uyole, Mbeya, tulipokuwa tunajiandaa kwenda Sikonge kwenye harusi ya binti wa wifi yangu, na naamini nyumba nyingi ziko hivyo hivyo: kitu kikionekana kimekaa tu, ni cha wote.

Njia yenyewe si ya kuichezea. Kutoka Mbeya lami inapanda mlima hadi Chunya, kilomita 72, kisha kilomita 39 nyingine mpaka Makongolosi, mji wa wachimba dhahabu. Wakati ule lami iliishia hapo. Mbele palikuwa na vumbi, miombo na vijiji vilivyoachana mbali: Lupatingatinga, Mafyeko, Kambikatoto, halafu Rungwa penye njia panda ya Itigi, ndipo uingie mkoa wa Tabora kuelekea Ipole. Upande wa mashariki kuna Pori la Akiba la Rungwa, na tembo hawaulizi mpaka uko wapi. Mtandao wa simu unakatika kwa masaa. Na mimi nilikuwa nasafiri na mama mkwe, ambaye ana sukari, pamoja na kitinda mimba wangu wa miaka mitano. Kwa hiyo nilianza kufungasha begi wiki kadhaa mapema.

Baba watoto alidhani tunarudia kazi, maana buti lilikuwa tayari lina jeki, koleo, kamba ya kuvutia na madumu ya maji. Nikamwambia hivyo ni vitu vya gari. Begi ni la siku ambayo gari lenyewe ndilo la kukimbiwa: linawaka, linazama mtoni, limelala ubavu. Unachoweza kutoka nacho ukiambiwa "toka" ndicho ulicho nacho usiku huo. Kwa hiyo liwe jepesi, hata binti aweze kulibeba, na kila kilichomo kiwe na sababu. Nilichukua begi la shule la zamani la binti yangu mkubwa, la buluu lenye mikanda myeusi. Nikatia maji chupa tatu, vidonge vya kutibu maji, pakiti za ORS, dawa za mama mkwe za siku kadhaa na nakala ya kadi yake ya kliniki, glukosi, biskuti, kiberiti ndani ya mfuko wa nailoni, tochi, simu ya kitochi iliyochajiwa ikazimwa, shuka, kanga nyeupe, plasta na bendeji, filimbi, kalamu na daftari dogo.

Nyumba ikaanza kulila.

Kiberiti kilikwenda jikoni umeme ulipokatika, hakikurudi. Plasta nilizikuta kwenye magoti ya mwanasesere. Glukosi ilikuwa inapungua kila siku, na kitinda mimba alikuwa anatembea na unga mweupe mdomoni, akiniambia ni poda. Shemeji yangu, mdogo wake mume wangu, alichukua tochi kuangalia kicheche kwenye banda la kuku. Shuka mama mkwe alimpa mgeni aliyelala sebuleni, na biskuti akazitoa kwa mgeni mwingine. Nilipomuuliza, hakuona hata swali liko wapi.

"Mwanangu, mgeni anywe chai kavu, na ndani kuna biskuti?"

Sikuwa na la kumjibu, kwa sababu kwa sheria ya nyumba alikuwa sahihi kabisa. Mgeni amekaa pale mbele yako na kikombe mkononi. Dharura haijabisha hodi. Ukipima hivyo, begi litashindwa kila siku.

Dawa ilipatikana kwenye mtungi wa kuzimia moto. Baba watoto alikuwa anautikisa, maana ule unga ndani huganda chini ukikaa muda mrefu bila kuguswa, akanionyesha kile kipande cha plastiki kinachofunga pini. "Kuna anayeuchezea huu? Hakuna. Ukikata hiki, utajulikana." Siku hiyohiyo nikarudishia kila kilichopungua, nikachukua uzi wa kawaida wa kushonea, mwekundu wa pilipili, nikashona zipu kwenye kitanzi cha mkanda kwa mishono michache. Uzi mmoja tu. Ukivuta kwa nguvu unakatika, lakini huwezi kuukata bila watu kujua. Wakati wa chakula cha jioni nikawatangazia wote: begi halikatazwi, ila atakayelifungua aje aniambie. Mama mkwe akatikisa kichwa, akaendelea kumega ugali.

Alfajiri ya safari kulikuwa na vita vya nafasi. Mchele wa Kyela, viazi, mikungu ya ndizi, na kikapu kikubwa cha maparachichi ya Rungwe ambacho mama mkwe alitaka kikae nyuma ya kiti cha mbele, miguuni pa binti yangu. Hapo ndipo mahali pa begi. Begi la dharura likiwekwa chini ya gunia la viazi ni sawa na kuliacha nyumbani. Tulivutana kwa heshima, kwa maneno mengi ya "samahani mama" na "sawa tu mwanangu", mpaka kikapu kikapakatwa na shemeji.

Mchana tulikuwa tumeipita Kambikatoto. Kalavati lilikuwa linajengwa, magari yanachepushwa porini. Ulikuwa mwezi wa saba: mvua zimekwisha siku nyingi, nyasi zimekauka, zimefika usawa wa boneti. Wenye kupita mapori haya wanalijua jambo hili, ila wengine hawalijui, nalo linachoma magari kila kiangazi: nyasi kavu zinajisokota chini ya gari, zinashikamana karibu na bomba la moshi, na bomba likishapata moto wa kutosha zinawaka zenyewe. Kila baada ya kupita nyasi ndefu inabidi kushuka, kuchungulia chini na kuzichomoa kwa fimbo. Tuliposikia harufu ya moshi, baba watoto alisema ni watu wanachoma mashamba, na kweli upeo wote ulikuwa na moshi. Mama mkwe ndiye aliyesema, kwa sauti ya kawaida kabisa, "Huu unatoka chini ya miguu yangu."

Baba watoto alisogeza gari hadi kwenye udongo mtupu uliochimbwa na mafundi wa kalavati, akazima injini. "Tokeni!"

Kila mtu alitoka na anachokipenda. Mimi nilitoka na kitinda mimba. Yeye alitoka na mpira wake. Mama mkwe alitoka na kifurushi cha kanga alichofunga zawadi za bibi harusi. Shemeji aliyarusha maparachichi yote chini, akatoka na suti yake ya harusi, imeinuliwa juu kama bendera. Binti yangu peke yake ndiye aliyetoka na begi. Jana yake tulikuwa tumefanya mazoezi uani, kila mtu akijua mkono wake unashika nini. Wakubwa walicheka, mtoto akazingatia.

Mtungi mdogo wa gari hautoi unga zaidi ya sekunde kumi hivi. Baba watoto alilala ubavu, akachomoa pini, akaelekeza kwenye shina la moto, si kwenye ndimi zake, akapeperusha kushoto na kulia mpaka ukaisha. Shemeji alitupa suti, akaleta koleo, wakamalizia kwa udongo. Moto ukafa. Gari halikuungua, lakini nyaya zilizopita chini ziliyeyuka zikashikana, na ufunguo ukizungushwa hakuna kilichoitika.

Ndipo mbung'o walipotufikia. Mbung'o wanapenda rangi ya buluu na nyeusi, ndiyo maana mitego yao hutengenezwa kwa vitambaa vya rangi hizo. Walijaa kwenye suti ya shemeji, wakajaa kwenye begi. Nikasema nitoe kanga nyeupe tulifunike. Nikavuta uzi. Haukukatika.

Nikavuta tena, kisha nikauangalia vizuri. Wangu ulikuwa mwekundu wa pilipili. Huu ulikuwa rangi ya damu ya mzee, umekunjwa mara mbili, na mishono yake ilikuwa midogo, imelingana, imefuatana kwa nidhamu ileile iliyo kwenye vitambaa vyote vya makochi ya sebuleni kwetu. Hakuna aliyesema neno. Mama mkwe akanisogelea, akalichukua begi mikononi mwangu, akainama, akaukata uzi kwa meno.

"Kijana alihitaji tochi usiku, wakati wa kupakia," alisema. "Akakata uzi. Nikaona asubuhi kutakuwa na maneno, nikaushona."

"Na tochi, mama?"

Akamtazama mwanawe mdogo. Tochi ilikuwa dirishani, Uyole.

Sikumlaumu, na hadi leo simlaumu. Alikuwa analinda amani ya nyumba kwa sindano aliyokuwa nayo. Lakini uzi wa kukunjwa mara mbili, ulioshonwa kwa ustadi, ni kufuli, na begi lile halikutakiwa kuwa na kufuli.

Vingine vyote vilikuwemo. Jua lilipokuwa linashuka ikapita pikipiki yenye magunia ya mkaa, inaelekea Rungwa. Haikuweza kubeba mtu. Tulichana karatasi kwenye daftari nikaandika: "Gari limeharibika kati ya Kambikatoto na Rungwa, kwenye mchepuko wa kalavati. Tuko watu sita, wazima. Mama mzee ana sukari. Hatutaondoka penye gari. Tafadhali ukipata mtandao piga namba hii." Chini nikaweka namba ya wifi, na saa. Kumwambia mtu kwa mdomo ni kumtwika mzigo wa kukumbuka. Njiani atakumbuka nusu. Karatasi haisahau. Na lile la kutoondoka penye gari nililiandika makusudi, kwa sababu shemeji alikuwa ameshaanza kusema atatembea mpaka kijijini. Kwenye pori lenye simba, gari linaonekana kutoka mbali na lina milango. Mtu anayetembea hana hata kimoja.

Giza lilipoingia tulitumia taa ya kitochi, tukiiwasha na kuizima. Kwa mwanga huo ndipo binti yangu aliona bibi yake anajifuta jasho, na baridi ilikuwa imeshashika. Mikono ilikuwa inatetemeka. Nilimuuliza jina la bibi harusi, akanitajia jina la mtu mwingine. Dawa yake ya sukari alikuwa ameimeza mchana kama kawaida, na chakula tulikuwa tumepanga kula Rungwa. Sukari imeshuka. Nikakoroga glukosi vijiko vinne vya chai kwenye maji nusu kikombe, akanywa yote. Baada ya robo saa jasho likakauka, akauliza mbona tunamtazama hivyo. Tukampa biskuti na ndizi, kwa sababu glukosi peke yake inapandisha kwa muda mfupi halafu mtu anashuka tena, na dawa nyingine za vidonge zinaendelea kushusha sukari hadi usiku wa manane. Mimi na binti yangu tulipokezana kumwamsha na kumwongelesha mpaka asubuhi. Kitinda mimba alikuwa macho, anatazama kopo lile la glukosi, asiombe.

Mwenye pikipiki alipiga simu. Wifi aliamsha nusu ya ukoo, na asubuhi fundi alifika kutoka Rungwa na nyaya begani. Sikonge tuliingia harusi ikiwa imeshaanza, shemeji ndani ya suti inayonuka moshi.

Tuliporudi nilifikiri sana juu ya lile la mgeni na chai kavu. Nyumba haikuwa na ubaya. Ilikuwa haina tochi nyingine, wala biskuti nyingine, wala kiberiti cha kutosha, ndiyo maana ilikula begi. Sasa tochi ya nyumba ina msumari wake karibu na mlango wa jikoni. Biskuti za wageni zina kopo lake, na anayelijaza ni mama mkwe mwenyewe. Mkebe mdogo wa glukosi uko kwenye mkoba wake, mwingine kwenye begi. Begi nimelibadilisha, ni la rangi ya kaki. Kila mwanzo wa mwezi binti yangu anakata uzi, anasoma tarehe za dawa kwa sauti, anawasha kitochi kuona chaji, anabadilisha maji, anashona upya. Uzi mwekundu, mmoja, na bibi yake anamsimamia asikaze.

Mtoto wa kwanza wa bibi harusi yule amezaliwa. Mwezi ujao tunapita njia ileile kwenda kumwona, na mama mkwe ameshauliza kikapu chake cha maparachichi kitakaa wapi.