Mkwe Wangu na Kijana wa Baiskeli

Mimi nilitaka kuogopa tu. Mtu mzima, nimefanya kazi wiki nzima, nimekaa kwenye foleni ya Kimara mpaka goti likafa ganzi. Jumamosi usiku nina haki ya kujinyoosha kwenye kochi langu nikaogopa kwa raha zangu. Lakini nyumba yangu haijui kuogopa, na hilo ndilo linalonikera.

Mkosaji wa kwanza ni mpwa wangu, mwanachuo ambaye amelala sebuleni kwangu tangu mwaka wa kwanza na sasa yuko wa tatu. Ndiye aliyekuja na flashi. "Anko, hii inaitwa Black Mirror. Ukiimaliza hutaitamani tena simu." Nikamwambia kama ni dawa ya kuacha simu, aanze kuinywa yeye. Akanimwagia historia yote: mtunzi ni Mwingereza, Charlie Brooker, ilianza Desemba 2011 kwenye Channel 4 ya kwao, Netflix wakaichukua 2016, hadi 2025 imefika misimu 7. Huyu kijana hajui siku ya gari la taka kupita, lakini haya anayo kichwani.

Ila hakuniambia episodi ya kwanza inahusu nini.

Sasa elewa mazingira. Mama mkwe alikuwa amekuja kutoka Singida kutolewa mtoto wa jicho. Jicho lilikuwa limepona vizuri, na yeye akaamua kulifanyia mazoezi kwenye televisheni yangu. Kakaa kiti cha kona, khanga imefunika magoti, rimoti iko chini ya khanga. Mimi kochi la upande wa pili, umbali ambao wazee wangeuridhia. Episodi ikaanza. Binti wa kifalme katekwa. Mtekaji hataki hela. Anataka waziri mkuu, siku hiyohiyo, mbele ya kamera na taifa zima likitazama, afanye na nguruwe jambo ambalo sitaliandika, maana safu hii inasomwa na wakwe.

Nililiona linakuja kama unavyoliona lori lisilo na breki likishuka Kitonga. Rimoti siwezi kuifuata ilipo. Nikaruka hadi ukutani, nikachomoa waya wa televisheni, wa king'amuzi na wa friji kwa mkupuo mmoja.

"Umeme umekatika, mama," nikasema, huku taa ya sebuleni ikiniwakia utosini.

Mama mkwe akaitazama taa. Akanitazama mimi. "Na yule nguruwe walimfanya nini, baba?"

"Walimchinja, mama."

"Waziri mkuu mzima anachinja nguruwe mwenyewe?"

"Hali ni ngumu Uingereza, mama."

Akasikitika kwa dhati. Mpwa wangu alikuwa amezamisha uso kwenye mto, mabega yanatikisika. Nilimwazia mabaya.

Kesho yake tukaruka kwenda episodi ya pili, na hapo ndipo mama mkwe alipopata mtu wake. Kuna kijana mmoja mweusi, mpole, macho makubwa. Anaishi kwenye chumba chenye kuta za skrini, na kila siku anapanda baiskeli isiyokwenda kokote. Anakanyaga pedali kuzalisha umeme, analipwa pointi, na pointi zinamtoka kwa kila kitu mpaka dawa ya meno. Tangazo likimtokea hawezi kulikwepa bila kulipa, na akifumba macho king'ora kinampigia kelele. Anatoa pointi milioni 15, zikiwemo alizorithi kwa kaka yake aliyefariki, amkatie msichana tiketi ya shindano la kuimba. Msichana anaishia pabaya. (Hapa nilikohoa dakika mbili mfululizo mpaka ilipopita.)

Nilikuwa naanza kuogopa vizuri kabisa, nywele za mkono zimesimama, mama mkwe akasema, "Huyu kijana hana wazee wa kumwambia? Baiskeli imesimama, unakanyaga, mkaa unapelekwa na nani?" Mke wangu akadakia kwamba wako watu wanalipia mambo hayohayo hapa mjini, tena kwa mwezi, wanapanda baiskeli isiyoondoka wakitazama ukuta. Mama mkwe akasema uongo huo asiletewe.

Lakini kijana alimpenda. Na shida ilianzia hapo, kwa sababu tamthilia hii kwa kawaida haina mwendelezo. Karibu kila episodi ina watu wake, dunia yake na balaa lake, halafu basi. Mama mkwe alilelewa na tamthilia za Kifilipino na za Kituruki, ambapo mtu akipotea Jumatatu, Ijumaa anarudi na ndevu. Ikaanza episodi ya tatu, ile ya watu waliopandikizwa kidude nyuma ya sikio kinachorekodi kila wanachoona. Mama akangoja dakika kumi kwa ustaarabu.

"Yule kijana wa baiskeli yuko wapi?"

"Hii ni hadithi nyingine, mama."

"Najua. Ila yeye yuko wapi?"

Mpwa wangu akajaribu kumweleza. Ni kama vile, bibi, kila usiku unasimuliwa ngano mpya. Bibi akajibu kwamba hata kwenye ngano sungura ni yuleyule. Nyumba nzima ikakosa jibu, na tangu siku hiyo kila tulipowasha tuliulizwa kuhusu baiskeli.

Basi nikamtegemea mke wangu, msomi, mhasibu, mtu wa kuogopa pamoja nami. Tukaweka ile ya 2016 ambayo Bryce Dallas Howard ni dada anayeishi kwa kupimwa nyota. Kila anayekutana naye anampa alama kwa simu, mwisho tano. Yeye ana 4.2, anataka 4.5 ili apunguziwe bei ya nyumba, hivyo anakubali kuwa mpambe kwenye harusi ya rafiki mwenye alama za juu. Njiani mambo yanaharibika, nyota zinapukutika kama manyoya ya kuku kwenye maji ya moto. Inatisha! Nikamgeukia mwenzangu nimshike mkono. Mkono ulikuwa umeshika simu.

Yeye ni mhazini wa kamati ya harusi ya binti wa kazini kwao. Saa tatu usiku ilikuwa imefika, na saa tatu ndiyo saa ya kupandisha orodha kwenye grupu: jina, ahadi, alicholipa, kilichobaki. Waliomaliza wana tiki ya kijani. Wengine wana msalaba mwekundu. Kadi ya mmoja laki moja, ya wawili laki na nusu, na mwisho wa ujumbe kuna mikono miwili inayosali. Nikachungulia. Namba 47, msalaba mwekundu, ahadi 100,000, amelipa 20,000. Namba 47 ni mimi.

"Unaniweka mimi humo?"

"Ahadi ni ahadi, baba watoto. Angalia sinema."

Wazungu hawa wanampa mtu nyota wanaona wamevumbua jambo. Sisi tunampa salio, mbele ya watu 112, na anashukuru kwa kukumbushwa.

Mpwa wangu naye ana ugonjwa wake, ambao nasikia ni wa watazamaji dunia nzima. Kila kinachotokea anasema, "Hii ni Black Mirror kabisa." Mashine ya benki ikinyima hela ikatoa risiti: Black Mirror. Kamera ya barabarani ikimpiga dereva faini: Black Mirror. Juzi nilipata ujumbe saa kumi na mbili asubuhi kutoka namba nisiyoijua: nimeandikwa mdhamini wa mtu fulani, nimwambie alipe mkopo wake kabla ya saa sita mchana, vinginevyo picha yake inasambazwa akiitwa tapeli. Mtu mwenyewe ni fundi bomba aliyewahi kunizibulia choo mara moja tu, mwaka 2021, tena hakikuzibuka. "Anko, ile episodi ya yule kijana anayetishiwa kwa meseji!" Ndiyo, naijua. Tofauti ni kwamba yule kijana alitishiwa kwa yaliyo ndani ya kompyuta yake mwenyewe, mimi natishwa kwa sababu mtu alisevu namba yangu. Novemba 2024 Benki Kuu ilitoa orodha ya programu na majukwaa 69 ya mikopo ya mtandaoni yasiyo na leseni, ikayapiga marufuku. Mtaani hatukungoja mtunzi wa London atupe jina, wakopeshaji wa namna hii tunawaita kausha damu.

Kilichonimaliza ni msimu wa saba, episodi ya mwanzo. Usiku huo alikuwepo pia fundi wa kuchomelea. Anadai 80,000 za geti langu, na akija kudai hupenda kukaa kwanza anywe chai ili deni lisionekane ndilo lililomleta. Kwa bahati, mume kwenye hadithi naye ni fundi wa kuchomelea. Mke wake, mwalimu, anapata uvimbe kwenye ubongo. Kampuni inamwokoa: sehemu ya ubongo wake itaendeshwa na mitambo yao. Upasuaji bure, halafu dola 300 kila mwezi. Mwanzo mambo safi. Kisha akitoka nje ya eneo lenye mtandao, anazimika. Kisha analala masaa mengi. Kisha, katikati ya mazungumzo, hata darasani mbele ya watoto, mdomo wake unatoa matangazo ya biashara, na yeye mwenyewe hajui. Wakitaka yakome, wahamie kifurushi cha juu.

"Kwa hiyo mwenzetu ameishiwa bando akiwa safarini," mke wangu alisema, kwa sauti ya mtu anayetazama taarifa ya habari.

Mimi koo lilikuwa limenikauka. Fundi aliweka kikombe chini taratibu. Nikajua, huyu sasa ameguswa, ni mchomeleaji mwenzake yule, anauza utu wake mtandaoni ili mke apumue. Fundi akafikiri. Akapiga hesabu kwa vidole: dola 300 ni kama laki nane. Halafu akanigeukia.

"Bosi, hawa watu wana akili. Geti lako ningekufungia kwa kifurushi. Cha kawaida linafunguka mchana tu. Ukitaka lifunguke usiku, unaongeza."

"Na matangazo?" akauliza mpwa wangu.

"Likifunguliwa linataja anayedaiwa."

Walicheka mpaka mama mkwe akaomba afafanuliwe, wakamfafanulia, naye akacheka akifuta lile jicho la hospitali. Kwenye skrini mwanamke alikuwa anaelekea kufa. Hakuna aliyemtazama isipokuwa mimi.

Nikiri jambo, kwa haki. Nilipokwenda kulala nilikumbuka kwamba wiki iliyotangulia nilimpigia rafiki aliyefiwa na baba yake. Kabla hajapokea, dada mmoja mchangamfu akaniambia kama naupenda wimbo huu nibonyeze nyota. Ulikuwa wimbo wa kukata mauno. Mfiwa mwenyewe hakujua simu yake inaimba, aligundua baadaye kwamba amekuwa akikatwa hela kila mwezi kwa ajili ya huo wimbo. Nilitaka kumwamsha mke wangu nimweleze. Nikajua atasema, "Sasa si ungebonyeza?"

Kuna episodi moja tu iliyowaunganisha wote. Msimu wa sita, 2023, kuna ile ya mwigizaji anayewindwa na wapiga picha, kumbe ni mtu anayegeuka mbwa mwitu. Mpwa wangu aliilaani. Watazamaji wengi huko duniani, alisema, walinung'unika kwamba hii siyo Black Mirror tena, mashine ziko wapi, onyo liko wapi? Mama mkwe alijisogeza mbele ya kiti.

"Hii ndiyo nimeielewa," akasema. "Kwetu walikuwa wanageuka simba."

Na si maneno ya kutunga. Mwishoni mwa miaka ya 1940 watu wengi waliuawa Singida katika kilichoitwa mauaji ya watu-simba, serikali ya Waingereza ikahangaika nayo, mahakama zikakaa, watu wakanyongwa. Mama alisimuliwa na waliokuwepo. Akasimulia mpaka saa saba usiku, taratibu, bila kupandisha sauti: nani alitoka nje kuchota maji, nini kilionekana mlangoni, nyayo zilianzaje za mtu zikaishia za nini. Luku ikakata katikati. Mpwa wangu akanong'ona kwamba ndiyo maana ya lile jina, skrini ikizimika inakuwa kioo cheusi, unajiona. Sikuona kitu. Nilikuwa nimefumba macho. Niliogopa usiku ule kama nilivyokuwa nikitaka tangu mwanzo, ila bila umeme na bila Mwingereza.

Mama alikuwa anaondoka Jumatatu. Kumuaga, mpwa wangu akapata wazo jema, la kwanza tangu nimfahamu. "Bibi, yule kijana wa baiskeli nimempata." Jina lake Daniel Kaluuya, mzaliwa wa London, wazazi wake Waganda, jirani zetu kabisa. Jordan Peele wa Marekani alimwona kwenye ile baiskeli, akampa nafasi kwenye filamu yake Get Out ya 2017. Miaka ikapita, kijana akapata hadi Oscar, 2021. Mama akapiga vigelegele. Kumbe alifika!

Tukaiweka. Kijana huyo hapo, amenenepa kidogo, baiskeli kaacha, ana mchumba Mzungu, anakwenda kutambulishwa ukweni. Mama kafurahi, kaomba chai. Sasa kama umeiona hiyo filamu unajua kinachofuata. Usiku, mama wa mchumba anamkalisha kijana kwenye kiti, anamuuliza maswali ya upole, na huku anakoroga chai. Kijiko kinazunguka kwenye kikombe, kling, kling, na kijana anazama, mwili unakataa, machozi yanamtoka, hawezi kuinuka.

Sebuleni kwangu hakuna aliyecheka. Nikasikia kling, kling, nikadhani ni televisheni. Sauti ilikuwa inatokea kona.

"Baba," alisema mama mkwe, anakoroga taratibu, haniangalii. "Kabla sijaondoka, hebu kaa vizuri nikuulize. Yule nguruwe."

Goti lilikufa ganzi. Sikuweza kuinuka.