Namna Bora ya Kurudi Bara Mikono Mitupu

Mwongozo huu ni wa mpiga picha wa Bara aliyepata kazi ya harusi Unguja, akapokea nusu ya malipo, na sasa ana nia ya dhati ya kurejea Dar bila picha hata moja. Wapo wengi waliofanikiwa kwa bahati tu. Bahati haitegemewi. Kazi hii ina ufundi wake, na ufundi unafundishika.

Tuanze na kadi. Nunua moja tu, iwe kubwa kuliko zote, na uinunue barabarani kwa bei ambayo hata muuzaji anaionea haya. Juu itaandikwa GB 512. Ndani huenda mna GB 8, lakini imefundishwa kusema uongo: kamera ikiuliza nafasi iliyopo, inajibiwa mamia, na picha zinaendelea kupokewa bila lalamiko hata baada ya zile 8 kujaa. Jioni utaona majina ya mafaili yamejipanga kwa adabu, na ukifungua moja, bwana harusi ana kilemba na paji la uso, kuanzia puani kwenda chini ni kijivu kitupu. Ziepuke kabisa programu za bure kama H2testw ya Windows na F3 ya Mac na Linux. Kazi yao ni kuijaza kadi mpya pomoni kisha kusoma tena kila kilichoandikwa, na kadi ya uongo huumbuka hapohapo. Zoezi hilo linaweza kula saa kadhaa, na wewe una boti ya kuwahi.

Atatokea mtu wa kukushauri ubebe kadi nne za GB 64. Atakuambia kamera ya megapikseli 24 ikipiga RAW hula kama MB 25 hadi 30 kwa picha, kwa hiyo kadi moja inabeba takriban picha 2,000, na ukizigawa, kadi ya nikaha ikifa angalau ya karamu inabaki. Mshukuru, kisha umpite. Kama kamera yako ina matundu mawili ya kadi, ingia kwenye menyu uhakikishe lile la pili linapokea picha pale tu la kwanza linapojaa. Kuna mpangilio mwingine unaoandika kila picha kwenye kadi zote mbili papo kwa papo. Huo ni adui wa mwongozo huu.

Umefika, umepanda daladala ya kwenda Makunduchi kumpiga bibi wa bwana harusi kibarazani kwake. Huu ndio wakati wa kunakili. Diski ya nje ya kizamani ina sahani inayozunguka, aghalabu mara 5,400 kwa dakika, na kichwa cha kusomea kinachoelea juu yake kwa umbali mdogo kuliko unene wa unywele. Ikilala imezimwa ndani ya begi hustahimili mengi. Ndiyo maana nakuambia uiwashe garini, uipakate, uanze kunakili kabla ya tuta la kwanza. SSD haina kinachozunguka na mitikisiko haiitishi, kwa hiyo iache nyumbani. (Mwanzoni mwa miaka ya 2000 wasafiri walibeba vijisanduku kama Epson P-2000, ya mwaka 2004, iliyonyonya kadi bila kompyuta na kutunza GB 40, wengine walichoma CD za MB 700 kwenye vibanda vya intaneti, moja baada ya nyingine. Waliteseka sana watu wale, na picha zao nyingi bado zipo, jambo lisilotuhusu.)

Unaponakili, usinakili. Kata, kisha bandika. Ukinakili, picha zinabaki kwenye kadi pia, na hapo umejitengenezea nakala mbili bila kukusudia. Ukikata, kompyuta ina kazi ya kuondoa huku ikipeleka kule, na umeme ukizima katikati ya safari hiyo ndipo utamu unapokuja. Kuhusu umeme Unguja ina historia ya kutosha: Mei 2008 ule unaotoka Bara kwa waya wa baharini ulikatika kwa karibu mwezi mzima, na Desemba 2009 ukakatika tena, usirudi mpaka Machi 2010. Waya mpya wa megawati 100 ulizinduliwa mwaka 2013, na siku hizi giza huhesabiwa kwa saa. Usivunjike moyo. Dakika moja inatosha, mradi laptopu yako iwe ile ambayo betri yake ilikufa zamani na inaishi kwa waya wa ukutani.

Hewa ya bahari tuipitie haraka kwa sababu inajifanyia kazi yenyewe. Lala na vifaa kwenye chumba chenye kiyoyozi kikali, kisha alfajiri toka navyo nje begi likiwa wazi. Unyevu utaganda kwenye lenzi na kwenye vile vimeno vya shaba vya kadi. Wanaoacha begi limefungwa nusu saa mpaka lizoee joto wana subira isiyo ya kawaida. Vile vipakiti vidogo vinavyokuja na viatu vipya, vinavyonyonya unyevu, vitupe. Tumia mchele, ambao hausaidii sana lakini huleta sisimizi.

Kama unataka kuonekana mtu wa kisasa, sema utapakia kila kitu mtandaoni usiku. Hesabu yake ni nzuri: GB 64 kwa mwendo wa kupandisha wa megabiti 5 kwa sekunde ni zaidi ya saa 28 bila kupumzika. Nyumba ya wageni ya Mji Mkongwe yenye kuta za mawe na chokaa za unene ule haikupi megabiti 5 chumbani, inakupa kwenye ngazi, na usiku wa mechi haikupi popote. Utaweka laptopu kwenye ngazi, utalala, utaamka na bando limeisha kwenye picha ya 41. Mtu mwenye akili angechagua picha 50 muhimu, akazipunguza ukubwa, akazituma hizo tu kama akiba ya shida. Wewe tuma video.

Sasa tuje kwenye harusi yenyewe, maana hapa ndipo kisiwa kinapokuzidi maarifa. Kupoteza picha ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni kuzifikisha kusikotakiwa, na hili watu wa Bara huwa hawalifikirii mpaka limewafika.

Katika shughuli za kina mama, kupamba hasa, bibi harusi huketi jukwaani kichwa wazi, hina imepanda mikononi, dhahabu ya kuazima na ya kwake zimechanganyika shingoni, na wageni wameacha mabuibui pembeni. Mwanamume haingii. Anayepiga ni mwanamke, na mara nyingi wageni huombwa simu zao zibaki mikobani. Kwa hiyo kadi inayotoka ukumbini ni amana ya nyumba mbili na majirani zao wote. Kama wewe ni mwanamume, mwenzako wa kike ndiye aliyepiga, na utaratibu wa busara ni yeye huyohuyo kunakili, kuchagua na kukabidhi. Mwambie amechoka. Mwambie akupe kadi ukamsaidie.

Ichukue kadi hiyo mpaka steshenari ya karibu ukasafishe picha chache za kumfurahisha mama mkwe. Utamkuta kijana mpole sana. Hafanyi kazi moja kwa moja kutoka kwenye kadi. Anamwaga kila kitu kwanza kwenye kompyuta ya duka, “iwe rahisi, kaka,” kisha ndipo anatafuta zile tano ulizotaka. Usimuulize atazifuta lini. Usiangalie ni nani wengine wanaokaa kwenye kiti hicho kuanzia saa kumi jioni. Ukiondoka, kadi itakuwa na kirusi kinachoficha mafolda na kuweka vijialama vya uongo mahali pake, zawadi ya duka. Kwa uhakika zaidi, hamishia picha zilizobaki kwenye simu yako, ile inayopakia kila kitu yenyewe kwenye akaunti ya familia, na televisheni ya sebuleni kwako Tabata itazionyesha usiku huohuo kati ya picha za ubatizo na za mahafali.

Kinga ya balaa hili ni rahisi kiasi cha kukera. Diski hufungwa kwa neno la siri, kwa BitLocker au VeraCrypt, na ikiibwa mwizi kapata chuma. Mama wa bibi harusi hupewa nakala mkononi, na husemwa wazi, mbele ya watu, ya kwako itafutwa lini. Tena kufuta kwenyewe si kama unavyodhani. Ukifomati kadi kwa kawaida ndani ya kamera, inayoondoka ni orodha. Picha zenyewe zimelala palepale mpaka nyingine ziandikwe juu yake, na programu ya bure kama PhotoRec huziamsha. Basi fomati upesiupesi, kisha iuze kadi Darajani.

Siku ya tatu shangazi atakuja. Mashangazi huja.

“Mwanangu, picha za juzi zi wapi?”

“Shikamoo, mama. Zipo, zipo salama.”

“Marahaba. Salama kwa nani?”

Lazima nikiri kwamba mji huu wenyewe haujasaidia sana sanaa ya kupoteza picha. Nusu ya pili ya karne ya 19, A. C. Gomes, Mgoa, alikuwa na studio yake hapa akipiga kwa vioo: sahani nzito, zinazovunjika, zilizotaka chumba cha giza katika joto lile. Mwaka 1930 Ranchhod Oza akafungua Capital Art Studio, duka ambalo mwanawe Rohit alikuja kuliendeleza, picha za masultani na za mitaa zikiwa zimepangwa ukutani. Hawa hawakuwa na diski. Walikuwa na tabia ya kusafisha picha ileile mara nyingi na kuiuza kwa kila apitaye, afisa, baharia, mfanyabiashara, naye akaondoka nayo kusikojulikana. Leo mkusanyo wa Humphrey Winterton, zaidi ya picha 7,000 za Afrika Mashariki za kati ya 1860 na 1960, uko Chuo Kikuu cha Northwestern, jirani na Chicago, na Zanzibar imo tele. Mpiga picha wa Marekani, Peter Krogh, alikuja kueneza kanuni ya kutunza picha: nakala tatu, kwenye vifaa vya aina mbili, moja ikae mbali. Unguja iliitimiza bila kuombwa ruhusa, na ile ya mbali imekaa mbali kweli. Mtoto wa Shangani anayemtafuta babu yake inambidi abishe hodi Marekani, japo siku hizi mlango huo uko kwenye intaneti.

Kioo cha Gomes kina zaidi ya miaka mia. SSD ikiachwa miaka mingi kabatini bila kuonja umeme inaweza kusahau ilichobeba. Naitaja habari hii kwa wale wenye subira ya kupoteza picha polepole.

Wewe huna subira hiyo, boti yako ni kesho. Bandarini Malindi utaweka kamera, laptopu, diski na kadi zote kwenye begi moja, begi hilo utalipeleka kwenye rundo la mizigo, na utakwenda kukaa mbele upate upepo. Msafiri wa kawaida angetia kadi moja mfuko wa shati na diski kwenye mkoba wa mwenzake. Begi likishuka salama Dar, ujue bado hujahitimu.

Imebaki dawa ya mwisho, na hii haijawahi kushindwa. Ikitokea usiku huu wa kuamkia safari umegundua kwamba picha za harusi zimefutika kwenye kadi, usishtuke. Na muhimu zaidi, usiitoe kadi kwenye kamera ukaiweka kando kwa ajili ya fundi, kwa sababu picha zilizofutwa mara nyingi hufufuka kama hujaandika kitu juu yake. Vaa viatu, shuka Forodhani. Vijana wa makachu wanajirusha baharini vichwa chini, taa za meza za mishikaki zimewashwa, na kadi yako ina nafasi tele. Weka kamera kwenye kupiga mfululizo, picha kumi kwa sekunde, na usiachie kidole mpaka ijae.