Likizo ya Miguu

Wanaowacheka watu wanaolipa ili watembee kwa miguu huko Toscana, Italia, hawajui starehe. Kutoka tu mlangoni ukaenda zako ni kuzurura. Matembezi ya heshima yanataka kiongozi, mtu wa kukuonyesha njia iliyokwisha kupakwa alama nyekundu na nyeupe, usije ukapotea katika bonde la Orcia, ambako mtu huonekana akiwa kilima cha tatu. Begi lako linatangulia kwa gari. Gari hilo lina viti, lakini wewe umeshalipia kutopanda.

Askofu Mkuu Sigeric alipita pande hizi mwaka 990, akirudi Canterbury kutoka Roma. Maskini, fimbo yake, kama alikuwa nayo, haikukunjika ikaingia mkobani.

Ila wa kuhurumiwa kwelikweli ni wakulima wa zamani. Walivipanda vilima hivi maisha yao yote, gunia mgongoni, nusu ya mavuno ikienda kwa mwenye shamba, na hakuna aliyewaambia kwamba wako likizo! Wakahamia mijini, viwandani. Sheria ya 1964 ikapiga marufuku mikataba mipya ya kugawana mavuno namna ile. Nyumba zao za mawe sasa zina bwawa la kuogelea. Mgeni akifika jioni na lengelenge kisiginoni, anakatiwa jibini ya pecorino na kupongezwa kwa kuishi kama mkulima halisi. Bili inaletwa na mwenye shamba.