Namna ya Kucheka Goma Ukabaki na Meno: Mwongozo kwa Mgeni

Uwanja wa ndege ulifungwa Januari 2025 mji ulipoangukia mikononi mwa waasi wa M23, kwa hiyo huenda umepitia Kigali na kuvuka mpaka kwa miguu pale Grande Barrière, ukiwa na kamera, barua ya utambulisho na wazo la kipindi cha vichekesho. Umeambiwa watu wa Goma hucheka. Ni kweli, hucheka sana, hata matangani. Waliokutuma hawakukuambia nani anaruhusiwa kumwiga nani, na hapo ndipo wageni wanapoacha heshima zao, na mara nyingine simu zao.

Tuanze na somo jepesi, la kujipaka.

Ukipita Birere au Ndosho jioni, mahali ambapo vijana wamefunga spika mbili na taa moja, unaweza kumkuta Mzungu wa poda. Ni kijana wa mtaa tu, uso mweupe kwa poda ya watoto. Amevaa kile kizibao cha kaki chenye mifuko isiyohesabika, ameshika ubao wenye karatasi, kalamu inaning'inia shingoni kwa uzi. Anainama mbele ya kijana mwenzake aliyejifunga kitenge, ambaye ndiye mama wa kambini, na kumwuliza kwa Kiswahili kinachopitia puani: "Maman, kutoka moja mpaka kumi, njala yako iko ngapi?" Mama anafikiri. Anahesabu vidole vya mikono, kisha vya miguu. "Kumi na ine." Mzungu anaandika polepole, akijisomea kwa sauti: "Hajaelewa swali." Watu wanaanguka. Jasho limeshaanza kuchora mistari kwenye poda, na mtoto aliyekaa chini mbele kabisa anapiga kelele: "Muzungu amesahau masikio!"

Hapa mgeni anatakiwa kuwa mwangalifu. Kama wewe mwenyewe ni Mzungu, cheka, lakini kwa kiasi. Ukicheka kuliko wote watajua unaogopa, na ukikaza uso watajua kizibao kile kipo hotelini kwako. Usimsubiri kijana baada ya onyesho ili umweleze kwamba huo nao ni ubaguzi. Umoja wa Mataifa ulileta tena walinda amani wake Kongo mwaka 1999, na tangu hapo watu wa huku wamehojiwa, wamepimwa mikono ya watoto wao kwa ule utepe wenye rangi nyekundu, njano na kijani, wameandikwa katika orodha ambazo hawakuona zilikoishia. Kijana yule hajafanya lolote ila kuwarudishia dodoso lao.

Utauliza: basi na Mzungu naye si ana haki ya kujipaka masizi? Wengi wameuliza hivyo, na mmoja wao alikuwa waziri. Machi 2015, Didier Reynders, waziri wa mambo ya nje wa Ubelgiji wakati ule, alitembea mitaani Brussels uso wote mweusi, kofia ndefu kichwani, kola nyeupe ya mikunjo shingoni. Alikuwa na kundi la Noirauds, ambalo hukusanya fedha za kuwasaidia watoto wenye shida. Kundi hilo lilianzishwa 1876 na jina lake rasmi ni Conservatoire africain. Mwaka huohuo wa 1876, Mfalme Leopold wa Pili aliwaalika wasafiri na wanajiografia wa Ulaya mjini Brussels, kwenye mkutano uliomfungulia mlango wa kuja kwetu. Yaani mabwana wa Brussels walijigeuza Waafrika ili kuwachangia watoto wa Brussels, na kwa karibu miaka 140 hawakuona kilichopungua katika mchezo huo. Mwaka 2019, baada ya lawama kuwa nyingi, walibadilisha: sasa uso mmoja una nyeusi, njano na nyekundu, rangi za bendera yao. Nyeusi haikuondoka yote. Imepewa uraia.

Mimi sina ugomvi na masizi. Swali ninalomwuliza kila mchekeshaji ni moja: huyu unayemwiga akikasirika, atakufanya nini? Mzungu wa kizibao akikasirika anaweza kuufunga mradi, kupanda gari na kuondoka. Akiamua kubaki, mshahara wake unabaki naye. Mkongo wa mwaka 1876 angefanya nini? Ndiyo maana poda ile na masizi yale, ingawa yote yananawika kwa sabuni, hayako kwenye kikapu kimoja.

Usidhani Mkongo huwa ananuna tu. Kisa cha Tintin kinawachanganya wageni, kwa hiyo kisome vizuri. Hergé alianza kukichapa Tintin au Congo mwaka 1930, katika gazeti la watoto huko Brussels, na Wakongo wake wana midomo minene, akili za kitoto na mapenzi makubwa kwa kijana mweupe na mbwa wake. Mwaka 2007 Mkongo aliyekuwa akiishi Ubelgiji, Bienvenu Mbutu Mondondo, alikwenda mahakamani kutaka kitabu kizuiwe. Mwaka 2012 mahakama ya Brussels ilimkatalia, na rufaa nayo ikakwama mwaka huohuo. Wakati huohuo, mafundi wa Kinshasa wanachonga Tintin wa mbao na kuchora majalada yake, na kuwauzia Wabelgiji kwa bei ambayo ingempa Hergé kizunguzungu. Mgeni akiona hivyo husema: tazama, wenyewe hawajali. Kaka, soma tena. Yule wa mahakamani na yule wa sokoni wote wawili wanadai malipo kwa kitabu kilekile. Wa sokoni amelipwa.

Sasa tuwashe televisheni. Tarehe 15 Februari 2018, usiku wa kuamkia mwaka mpya wa Kichina, televisheni ya taifa ya China, CCTV, ilirusha tamasha lake la kila mwaka, ambalo watazamaji wake huhesabiwa kwa mamia ya milioni. Ndani yake kulikuwa na igizo fupi la kusherehekea reli ya Mombasa hadi Nairobi, iliyozinduliwa Mei 2017. Binti wa Kiafrika anayefanya kazi kwenye treni hataki mume anayetafutiwa na mama yake, anataka kwenda kusoma China. Mama anaingia. Mama ni Lou Naiming, mwigizaji wa Kichina, amepakwa rangi nyeusi uso mzima, amefungwa makalio ya bandia makubwa kuliko mlango wa behewa, kichwani ana sinia la matunda. Nyuma yake anakuja nyani, na ndani ya ngozi ya nyani yumo Mwafrika. Mama anatangaza kwa furaha jinsi anavyowapenda Wachina. Makofi.

Lawama zilipokuja, msemaji wa wizara ya mambo ya nje alieleza kwamba China inapinga ubaguzi wa kila aina. Wengine walisema Wachina hawana historia ya kujipaka weusi kama Wamarekani, ambao tangu karibu na mwaka 1830 walikuwa na yule Jim Crow wa jukwaani, wala kama Waingereza, ambao BBC yao ilionyesha The Black and White Minstrel Show kuanzia 1958 hadi 1978 kila familia ikiwa imekaa sebuleni. Kwa hiyo, walisema, hawakujua. Labda. Lakini walijua mengine. Walijua reli ile imejengwa kwa mkopo wa benki ya Exim ya China. Anayekudai akikuigiza mbele ya taifa lake zima, wewe ukiwa umebeba matunda na kumshukuru, mdaiwa atakasirika kwa sauti gani? Mwaka 2021 tamasha lilelile likaleta tena wachezaji waliopakwa weusi, na wizara ikaeleza tena.

Ukitaka kulalamika kuhusu hilo hapa Goma, lalamika, utaungwa mkono na meza nzima. Angalia tu ving'amuzi: StarTimes, ambayo wengi hutazamia mpira, ni kampuni ya Kichina. Na kabla hujamaliza kulalamika, atapita kijana mwenye macho membamba, labda Mjapani, labda Mfilipino, na watoto watamkimbilia wakiita "Chinois! Chinois!" na kuvuta kope zao kwa vidole. Wazazi watacheka. Usiwaulize chochote, watakuambia ni watoto.

Vichekesho vya nyumbani vina leseni zake, na mgeni hana hata moja. Kati ya makabila ya hapa mashariki, Mnande humcheka Mushi, Mushi humcheka Mnande na ubahili wake, na wote wawili huungana kumcheka Mkinshasa aliyekuja kuwafundisha kuvaa. Mkinshasa naye kwao huigiza mtu wa mashariki kama mshamba aliyepotea njia ya kwenda shambani. Hao wanajuana, wanadaiana na wameoana. Kaa pembeni, agiza bia ya Primus, sikiliza. Ukijaribu kutia mzaha wako wa kwanza kuhusu Wanande, meza itanyamaza, kisha Mushi aliyekuwa akiwasema nusu saa nzima ndiye atakayekuwa wa kwanza kukukunja shati.

Kuna jukwaa moja ambapo hakuna anayemkunja mtu shati, na ndiyo maana silipendi. Ni pale mchekeshaji anapojipaka masizi juu ya weusi wake, anajifunga majani kiunoni, anatembea kwa magoti na kuwa Mbilikimo. Wambuti na Watwa, wengine wakiishi kilomita chache tu kutoka mjini, hawapo ukumbini. Tiketi hawana, na wangekuwa nayo mlinzi angewauliza wanatafuta nini. Julai 2007, Brazzaville ilipokuwa mwenyeji wa tamasha la muziki la Afrika, FESPAM, wanamuziki wengine walilala hotelini na wale wa jamii hii wakawekewa hema ndani ya bustani ya wanyama. Hakuna Mbelgiji aliyepanga vyumba vile. Bunge la Kinshasa limetunga sheria ya kulinda haki zao, nambari 22/030 ya tarehe 15 Julai 2022. Sijawahi kumwona mchekeshaji aliyeisoma. Wewe mwenye kamera ukiletewa mchezo huo kama utamaduni wa asili, zima.

Kisha kuna pua.

Hapa mzaha wa mwongozo huu unapungua kidogo, utanisamehe. Ukiwa mpakani Petite Barrière unaiona Gisenyi ya Rwanda kwa macho. Huko ndiko alikotoka Hassan Ngeze, aliyetoa gazeti la Kangura kuanzia 1990, na Kangura lilikuwa na katuni za kuwadhihaki Watutsi. Watu walizinunua, wakapeana, wakacheka. Julai 1993 ilianza redio ya RTLM, yenye muziki mzuri na watangazaji wacheshi kuliko wale wa serikali. Kantano Habimana alisikilizwa hata na watu aliokuwa akiwatukana, kwa sababu alikuwa anachekesha kweli. Pua, kimo, vidole, namna ya kukaa, yote yalipita kwenye mzaha kwanza. Mwaka uliofuata vizuizi vya barabarani vilisimamishwa, na waliosimama hapo walitazama pua zilezile wakiwa na mapanga. Julai 1994 wakimbizi karibu milioni moja waliingia Goma ndani ya siku chache, wenye hatia na wasio na hatia katika vumbi moja. Desemba 2003 mahakama ya kimataifa ya Arusha ilimtia hatiani Ngeze pamoja na waanzilishi wawili wa redio ile.

Upande wetu sheria ipo tangu zamani: amri ya tarehe 7 Juni 1966 inaadhibu ubaguzi wa rangi na ukabila. Imezeeka bila kuchoka kwa kazi. Mchekeshaji mjanja wa Goma anaweza kuiga lafudhi yoyote, pamoja na ile inayobadilishana r na l, na ukumbi ukacheka vizuri kama mwenye lafudhi hiyo yupo na anacheka. Akianza kuonyesha pua kwa kidole, tazama milango. Kuna watakaotoka kimya kimya, na ukiwa na akili utatoka nao. Barabarani, mtu mwenye bunduki akikuuliza kabila lako, toa kitambulisho na uache uchekeshaji kwa walioajiriwa. Kuhusu walioushika mji sasa, mwongozo huu hauna sura yao. Mchapishaji ana watoto.

Mwisho itafika zamu yako. Utakuwa umekaa safu ya tatu ukidhani uko salama, na mchekeshaji atakuonyesha kwa kipaza sauti: "Na huyu papa, ametoka wapi?" Taja kwenu, kwa sauti. Usitaje shirika lako. Ataiga unavyotembea kwenye mawe ya volkeno kama mtu aliyesahau miwani, ataiga unavyosema "Jambo sana" kwa kila mtu hadi kwa mbuzi, ataiga unavyomwuliza motari wa pikipiki bei mara tatu na bado unalipishwa mara mbili. Ukumbi utacheka hadi machozi. Vumilia dakika kumi hizo, kisha mnunulie bia. Akija mezani anaweza kukuuliza kama amekuiga sawasawa. Mwambie ndiyo, na usimsahihishe lafudhi.